Maneno ni ya Nani? Nyota wa Nyimbo, Filamu za Mashabiki na Upofu wa Uhakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipokea filamu ya nyota wa nyimbo kwa mojawapo ya njia mbili: ama kwa kimya, ama kwa karipio. Sifa za filamu ya aina hii zinajulikana hata na mtu asiyeitazama. Kikundi cha waimbaji kinachopendwa na vijana huwekwa mbele ya kamera, hupewa kisa chepesi cha mapenzi na vichekesho, nyimbo zao hutungwa katikati ya kisa kama shanga katika uzi, na mashabiki hulipa kiingilio ili wawaone kwa karibu watu ambao hapo awali waliwasikia tu. Mhakiki akiulizwa kwa nini haandiki lolote juu ya kazi hizo, hujibu kwamba ni nyepesi, tena ni za kigeni. Akishasema hayo hurejea kwenye tendi zake.

Makala haya yanayapinga majibu hayo yote mawili. Hayakusudii kudai kwamba kila filamu ya mashabiki ni kazi bora. Nyingi si bora, na sababu za ubovu wake zitatajwa. Yanadai kwamba shtaka la wepesi na shtaka la ugeni ni mashtaka ya uongo, na kwamba kwa kuyashikilia, uhakiki umeshindwa kuliona kosa lenyewe. Kipimo kinachofaa kulibainisha kosa hilo hakina haja ya kuagizwa kutoka vyuo vya Ulaya. Kimo katika funguvisiwa la Lamu, mahali ambapo wimbo umetungwa, umeimbwa na kujibiwa kwa karne kadhaa. Kipimo chenyewe ni swali ambalo hadhira ya nyimbo za mwambao imezoea kuliuliza kabla ya kusifu au kulaumu: maneno ni ya nani?

Shtaka la wepesi

Dai kwamba kazi nyepesi haistahili uhakiki lina kasoro ya kihistoria. Fasihi ya Lamu inayofundishwa katika idara za Kiswahili ni sehemu tu ya fasihi ya Lamu. Mwanafunzi husoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, akatoka darasani akiamini kwamba watu wa Lamu na Pate walishinda wakitafakari magofu na kuwausia binti zao. Hakuna anayemkumbusha kwamba watu hao hao walicheza gungu, wakaimba vugo harusini, wakafumbiana na kufumbuliana mafumbo, wakacheka. Nyimbo za vugo ni nyepesi, na baadhi yake zina utani ambao mhakiki mwenye haya angesita kuunukuu. Hata hivyo hakuna mtafiti makini anayedai leo kwamba si fasihi.

Zaidi ya hayo, uhusiano baina ya kikundi cha wasanii na mashabiki wake haukuletwa pwani na filamu. Terence Ranger, katika Dance and Society in Eastern Africa (1975), alieleza jinsi ngoma ya beni ilivyozuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi bara na Tanganyika. Wachezaji wa beni walivaa sare, walijipa vyeo vya kijeshi, walipiga tarumbeta na ngoma za kizungu, na waligawanyika katika makundi yaliyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Lamu, mji uliogawanyika tangu zamani katika sehemu mbili za Mkomani na Langoni, ulikuwa na udongo mzuri wa ushindani wa namna hiyo. Wanawake nao walikuwa na lelemama. Vyama vyake vya Mombasa vilichunguzwa na Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo. Mtu wa beni au wa lelemama alijua vizuri maana ya kuwa shabiki. Alichangia fedha, alishona nguo ya rangi ya kundi lake, alimtukuza nyota wake na kumdharau wa upande wa pili. Anayemwona msichana wa leo akikusanya picha za waimbaji na kusema kwamba jambo hili ni la ajabu, hajui historia ya bibi yake.

Wepesi, basi, ni hali ya kazi, na hautoshi kuwa hukumu juu yake. Ushahidi mwingine unatoka katika chimbuko la filamu zenyewe. A Hard Day's Night ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Richard Lester na kuchezwa na Beatles, ilianzishwa kwa sababu ya kibiashara kabisa: kampuni ya United Artists ilitaka haki ya kuuza santuri ya nyimbo za filamu hiyo. Filamu ilitengenezwa haraka, kwa gharama ndogo, na kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Kisa chake ni chepesi mno, kwani vijana wanne wanasafiri kwa gari moshi, wanakimbizwa na mashabiki, wanamsumbua mzee mmoja, kisha wanaimba katika studio ya televisheni. Hata hivyo filamu hiyo ingali inatazamwa na kufundishwa. Sababu mojawapo ni kwamba maneno yake yaliandikwa na Alun Owen, mwandishi wa tamthilia aliyekaa na vijana hao, akaisikiliza lafudhi yao na utani wao, kisha akaandika mazungumzo mafupi ambayo wasio waigizaji wangeweza kuyasema bila kuadhirika. Kazi yake iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kazi ile ni nyepesi, na chini ya wepesi wake yupo mtungaji aliyetokwa jasho.

Shtaka la ugeni

Shtaka la pili husikika zaidi mwambaoni, nalo huelekezwa hasa kwa filamu za Kihindi na lahani zake. Husemwa kwamba filamu hizo zimewapotosha vijana, na kwamba mwimbaji anayeazima lahani ya filamu na kuitia maneno ya Kiswahili amekuwa kasuku. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye sehemu kubwa ya umaarufu wake ilitokana na taarabu zenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Upande wa pili huwekwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, bingwa wa udi, kama kielelezo cha asili isiyochanganywa.

Ulinganisho huo haumtendei haki yeyote kati ya wawili hao. Udi wa Zein haukuchipuka katika mchanga wa Shela. Ni ala ya Waarabu, na mizani ya lahani zake ni ya Uarabuni. Umekuwa wa Lamu kwa sababu watu wa Lamu waliupokea, wakaufundisha Kiamu. Iwapo kilichoingia kwa jahazi kutoka Hadhramaut kinaweza kuwa chetezo cha nyumbani, hakuna kanuni ya uhakiki inayokataza kilichoingia kutoka Bombay kuwa hivyo hivyo. Tofauti iliyopo ni ya miaka, nayo haiwezi kugeuzwa kuwa tofauti ya asili na ugeni. Mhakiki anayedai vinginevyo anapima vitu kwa umri na kuuita umri huo usafi.

Lenye uzito ni kwamba wote wawili wangeweza kuulizwa swali moja, na wote wawili walikuwa na jibu. Katika kazi mashuhuri za Zein, maneno ya nyimbo kadhaa yalitoka kwa Ahmed Sheikh Nabhany, malenga aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo na Umbuji wa Kiwandeo, na mtu ambaye neno runinga linahesabiwa miongoni mwa aliyoyaunda. Hapana budi kuzingatia jambo hilo. Mtu aliyekipa Kiswahili jina la chombo cha picha ndiye aliyempa mwimbaji maneno ya kuimba. Hakukiogopa chombo. Alikitafutia neno.

Sauti na sura

Hapa ndipo hoja kuu inapofikiwa. Katika mapokezi ya taarabu ya mwambao, wimbo una watu kadhaa ndani yake. Yupo mwenye jambo, ambaye pengine ameomba atungiwe wimbo kwa sababu ya penzi au kisasi. Yupo malenga anayeyapanga maneno, na anaweza asiimbe maishani mwake. Yupo mwimbaji anayeyatolea sauti. Kisha yupo msikilizaji anayeinuka kwenda kutunza, akiyafanya maneno hayo kuwa yake kwa kumwelekezea mtu fulani aliyeketi upande wa pili. Kwa hiyo hadhira imefunzwa kutenganisha. Inajua kwamba anayelia katika wimbo si lazima awe mwimbaji, na kwamba uzuri wa sauti si dhamana ya uzuri wa maneno.

Filamu ya Kihindi ilipokelewa vizuri pwani kwa sababu nyingi. Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), amezieleza baadhi yake kwa upande wa Zanzibar na Tanzania Bara. Lakini kuna sababu moja ya kifani inayostahili kuongezwa. Filamu hiyo nayo hutenganisha. Katika Awaara (1951), sura ni ya Raj Kapoor, sauti ya wimbo mkuu ni ya Mukesh, maneno yake ni ya Shailendra, na lahani ni ya Shankar na Jaikishan. Katika Maine Pyar Kiya (1989), msichana mbichi anayeonekana akiimba anaazimwa sauti na Lata Mangeshkar, aliyezaliwa mwaka 1929. Watazamaji wanalijua hilo, wala hawaoni kwamba wamedanganywa. Majina ya waimbaji na ya watunzi wa maneno huandikwa na kukumbukwa. Mtu wa Lamu aliyelelewa katika taarabu hakuhitaji kufundishwa namna ya kuitazama filamu ya namna hiyo, kwani sheria zake alikuwa nazo.

Tabia hiyo hiyo ya kutenganisha ilionekana katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, ambako Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe, akawapa waigizaji maneno ambayo hawakuyasema. Watazamaji walijua kwamba sura ni ya ng'ambo na maneno ni ya Lufufu, na wengi walikwenda kwa ajili ya maneno.

Filamu ya nyota wa nyimbo hufanya kinyume cha haya. Huunganisha. Humtaka mtazamaji aamini kwamba mwenye sura, mwenye sauti, mwenye jambo na mwenye maneno ni mtu mmoja, naye ni yule kipenzi wake. Nyota huigiza nafsi yake: huitwa kwa jina lake au kwa jina linalolifanana, huwa mwimbaji katika kisa kama alivyo mwimbaji mjini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Beatles, ndivyo ilivyokuwa kwa Spice Girls katika Spice World ya mwaka 1997. Afrika Mashariki nayo ilipata mfano wake katika Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ambamo TID na wanamuziki wenzake wa bongo fleva waliletwa mbele ya kamera pamoja na Monalisa katika kisa cha mapenzi na muziki. Malenga, katika mpango huo, hufichwa. Akionekana, uchawi unavunjika.

Athari ya kumficha malenga ni kwamba wimbo hauwezi tena kujibiwa. Jambo hili lina uzito kuliko wepesi na ugeni kwa pamoja. Katika Lamu, utungo ni mwito unaosubiri itikio. Mashairi ya Kimwondo ya miaka ya 1970, yaliyokusanywa na kuchambuliwa na Assibi Amidu katika kitabu cha mwaka 1990, yalitokana na kambi za uchaguzi zilizojibizana kwa tungo. Aliyeshindwa alishindwa kwa maneno, na mji mzima ulikuwa hakimu. Beni nayo ilikuwa na majibizano. Shabiki wa siku hizo hakuwa mpenzi tu, alikuwa shahidi wa shindano na mara nyingine mshindani. Shabiki wa filamu ya nyota hana la kujibu, kwa sababu hakuletewa hoja. Ameletewa mtu. Mtu hapingwi kwa ubeti. Hupendwa au huachwa. Hilo ndilo kosa halisi la aina hii ya filamu, nalo ni kosa la kifani lenye matokeo katika jamii.

Wasichana wa Lamu

Karipio la wahakiki na la mimbari lina mlengwa wake, hata pale asipotajwa. Mlengwa huyo ni msichana. Minou Fuglesang, katika Veils and Videos (1994), aliwafuata wasichana wa Lamu waliokusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi kwa kanda za video. Maelezo yake hayaonyeshi watu waliopumbazwa. Yanaonyesha watazamaji waliolinganisha, waliobishana, walioichukua nguo na mtindo wa nywele na kuuacha mwenendo, waliopima ndoa walizoahidiwa kwa mapenzi waliyoyaona, na waliojua kwamba kipimo hicho si cha nyumbani.

Inafaa kukumbuka kwamba msichana huyu amekuwa msikilizaji mkuu wa fasihi ya Lamu tangu zamani. Mwana Kupona alimtungia binti yake. Ustadh Mahmoud Mau, malenga na mwokaji mikate wa Lamu, aliwatungia mabanati wasiya wao mwaka 1974. Tungo zote mbili zinaheshimiwa, na zinastahili kuheshimiwa. Lakini katika zote mbili msichana huketi na kuambiwa. Filamu ilikuwa kazi ya kwanza ya masimulizi ambayo msichana wa Lamu aliichagua mwenyewe, akaikodi, akaisimamisha katikati na kuirudisha nyuma pale alipopapenda. Uhakiki unaoheshimu wasia na kudharau uchaguzi huo unaiheshimu fasihi maadamu msichana yuko kimya. Huo si uhakiki wa fani. Ni ulezi uliovaa joho la chuo.

Hata hivyo wale wanaosherehekea tu, wakaona katika kila kanda ya video uasi na ukombozi, hawamsaidii zaidi. Kumsifu mtu kwa ustadi wake wa kula makombo si sababu ya kutompikia. Kiamu, lahaja iliyobeba ushairi mkongwe wa Kiswahili, kiliachwa kando wakati Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilipoendeleza usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja. Leo kinafundishwa vyuoni kama lugha ya marehemu, ilhali wasemaji wake wanauza samaki sokoni na kutaniana barazani. Lamu yenyewe, tangu ulipotiwa mji wake wa kale katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, imepigwa picha kwa wingi, na mara nyingi kama mandhari. Subira ya Ravneet Sippy Chadha (2018), yenye kisa cha msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini kinyume cha mila, ilithibitisha kwamba msichana huyo anaweza kuwa kitovu cha kisa. Filamu hiyo si nyepesi, wala haikutengenezwa kwa ajili ya mashabiki wa kikundi chochote. Lakini imeondoa kisingizio kwamba haiwezekani.

Pingamizi moja

Huenda ikasemwa kwamba mashabiki hawatafuti maneno. Wanatafuta densi, mavazi na sura, na kuwadai malenga ni kuwapelekea utendi wasioutaka. Pingamizi hili lina ukweli kidogo na dharau nyingi. Ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1990 ulikuwa ushindani wa sura na mavazi, naam, lakini uliwashwa na kukuzwa na maneno ya mipasho, ambayo wanawake walijifunza kwa moyo na kuyarusha mitaani. Watazamaji wa Lufufu walifuata maneno. Hadhira ya kawaida imethibitisha mara kwa mara kwamba ikipewa maneno yenye makali inayatambua. Walioshindwa kuyatambua ni watayarishaji, na baada yao wahakiki.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wepesi wa filamu ya nyota wa nyimbo ni urithi wa kawaida wa ngoma za mwambao, na kwamba ugeni wake ni wa namna ile ile iliyoleta udi. Udhaifu wake ni kwamba humficha mtungaji, na kwa kumficha huifunga njia ya majibizano ambayo ndiyo uhai wa wimbo wa Lamu. Udhaifu huo unatibika. Alun Owen aliutibu London kwa kalamu, na Nabhany alikuwa na dawa yake tangu alipompa Zein maneno.

Idara za fasihi zina sehemu yake. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu juu ya filamu ya mashabiki asiambiwe achague mada nzito zaidi. Aambiwe amtafute aliyeandika maneno, alichambue kila jibu ambalo wimbo ungeweza kupewa, na aseme wazi pale asipolipata. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Msichana wa Lamu ametunza kwa miaka mingi wachezao kwao kwingine. Siku atakapoketi kutazama vijana wa Langoni au wa Shela wakiimba na kufanya mzaha kwa Kiamu, swali lake la kwanza litakuwa lile lile la bibi yake, na safari hii atapaswa kupata jina la kujibiwa.